Mwaka Niliofanywa Mtoto wa Kaka Yangu

Nimemaliza dawa. Ni miezi kumi na miwili ya vidonge kabla ya chai, na wiki iliyopita daktari alifunga faili yangu akaniambia nirudi tu nikiona dalili. Sasa naandika, na siandiki kwa upole. Kama wewe au mtu wako mmeambiwa ni kifua kikuu kilichopanda kwenye ubongo, mambo ya sindano na picha za kichwa mtaelezwa na wenyewe. Mimi nitawaeleza lile ambalo hakuna aliyenieleza: ukiugua kichwa, mtu anaweza kwenda mahakamani akarudi na karatasi inayosema huwezi kujiamulia lolote, na mtu huyo si lazima awe mgeni. Kwangu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Naitwa Mwikali. Nashona soko la Gikomba, kazi ya kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu, na ninaishi Shauri Moyo katika nyumba ya kanjo, ya halmashauri ya jiji, aliyotuachia mama. Nina binti mmoja, Ndanu. Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, na tulikuwa tumezoea hivyo.

Ilianza kwa kichwa kuuma, kabla mvua ya masika haijashika. Nilimeza vidonge vya dukani wiki mbili nzima na kujidanganya kwamba ni macho. Kisha nikaanza kutapika, shingo ikakaza, na siku moja nikaushona mguu wa suruali ya mteja ukafungika kabisa, nikamkabidhi nikiwa na uhakika kwamba kazi imetoka safi. Mteja alinitazama, akamtazama Halima. Halima ni jirani yangu wa kibanda, mzaliwa wa Pumwani, anauza madera, na hana subira na upuuzi.

"Mama Ndanu, wewe leo si mzima," akaniambia. "Funga hiyo cherehani twende."

Hatukufika mbali kabla sijaanguka. Wiki tatu zilizofuata sizikumbuki. Naambiwa niling'oa mipira ya puani, nikamtukana mchungaji, nikamwita Ndanu kwa jina la marehemu mama. Nayakubali yote, hata lile la mchungaji. Nilipoanza kuona tena, nilikuwa naona vitu viwili viwili, kwa maana jicho la kushoto lilikuwa limegeukia puani. Miguuni pa kitanda walisimama kina Mutisya wawili. Mmoja tu angenitosha.

Mutisya ndiye huyo kaka. Ni karani mstaafu na shemasi wa kanisa, anaishi Donholm kwenye nyumba yenye geti, na ni mtu ambaye ukimpa karatasi isiyo na mhuri anaishika kwa vidole viwili. Siku niliyolazwa aliunda kamati. Hilo halikunishangaza, kwetu mtu halazwi bila kamati. Yeye akawa mwenyekiti, mkewe Esta, tunayemwita Mama Kelvin, akawa katibu, na kila Jumapili baada ya ibada watu wakakutana nyumbani kwangu Shauri Moyo kupanga nani atakesha na mimi na nani atapeleka uji.

Na kila aliyeingia alipitishiwa karatasi ya mahudhurio, aandike jina, namba ya kitambulisho, atie sahihi. Sisi hatuwezi kukaa watu wanne bila karatasi hiyo. Iwe matanga, iwe harusi, iwe chama, chai haijamiminwa na karatasi imeshazunguka chumba. Hakuna anayesoma sehemu ya juu kwa sababu juu huwa hapajaandikwa kitu, katibu hujaza kichwa cha mkutano baadaye. Mimi mwenyewe nimetia sahihi karatasi za namna hiyo miaka nenda miaka rudi, na kama ningekuwa mzima Jumapili hizo ningetia pia.

Wodini niliteseka kwa mambo mawili. La kwanza ni kuchotwa maji ya uti wa mgongo, nimejikunja nimeshikwa na watu wawili, nikiambiwa nisitikisike wakati meno yenyewe yanatikisika. La pili ni uso. Vidonge vya kupunguza uvimbe wa ubongo viliniumua mashavu kama maandazi, nikaota ndevu kidevuni, na dawa ya kifua kikuu ikaufanya mkojo wangu uwe wa rangi ya machungwa. Ndanu alipoletwa kuniona alijificha nyuma ya Mama Kelvin.

"Huyu si mama," akasema.

Mama Kelvin akamsukuma mbele polepole, akamwambia anishike mkono kwanza, uso auache. Ndanu akaupapasa mkono wangu hadi akafika kwenye kidole chenye kovu la sindano ya cherehani, akapanda kitandani na viatu vyake. Sista akajifanya hakuona viatu. Huyo sista nitamwombea mpaka nife, na ndiye pia aliyekuwa akiniwekea maji ya moto kabla ya wengine kuyamaliza.

Mwezi wa tano nikaruhusiwa, nikapelekwa Donholm kwa kaka, siyo Shauri Moyo. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nilitembea nikishika ukuta, na Mama Kelvin ndiye aliyeniogesha. Sikumpenda. Tangu aolewe sijawahi kumpenda, ni mwanamke wa kuimba tenzi akiwa kazini, na alinisugua mgongo akiimba kama anasugua sufuria iliyoungua. Alinikata kucha bila kuniuliza. Alimsuka Ndanu nywele kila Jumamosi sebuleni, na mimi nikiwa nimekaa pale pale na vidole vyangu vinavyotetemeka, na mtoto akacheka kwa hadithi zake. Nilimchukia kwa kile kicheko.

Mwezi wa sita akili ilikuwa imerudi. Najua kwa sababu nilianza kuudhika na mambo madogo. Nikaomba kurudi nyumbani, Mutisya akasema daktari hajasema. Nikauliza kwa nini Ndanu amehamishwa shule bila mimi kujua, akasema ile ya zamani ni mbali. Nikauliza cherehani yangu iko wapi, akasema ameipeleka kanisani ifundishie vijana, maana mimi sitashona tena. Alisema hayo akinimenyea ndizi.

Nilikuja kujua ukweli mwezi wa saba, kliniki. Kliniki ya kifua kikuu madirisha hayafungwi hata iwe baridi ya namna gani, na ile Julai baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Tulikaa kwenye benchi saa nzima na zaidi, barakoa usoni, kila mtu amejifunika leso au koti, wengine wakikohoa kwa aibu. Sista akatoka na faili akaita, "Mlezi wa Mwikali." Kaka akasimama. Nikamfuata kwa sababu mwili ulikuwa wangu.

"Anakula?" sista akamuuliza yeye.

"Anakula vizuri."

"Choo?"

"Anaenda. Mkojo bado una rangi."

Nikasema, "Sista, mimi niko hapa."

Sista hakuwa mbaya, aligeuza faili nikaona. "Mama, mimi lazima niongee na mlezi wako. Iko hapa kwa faili, ni order ya korti."

Nilisubiri tufike nje, karibu na wauza karanga, ndipo nikamwomba anionyeshe hiyo amri. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri, na nadiriki kusema alinionyesha kwa fahari. Ilisema mimi, kwa sababu ya maradhi ya akili, sina uwezo wa kujiamulia, na Mutisya ameteuliwa kuwa mlezi wangu wa kisheria.

"Ulikuwa hujui hata jina lako," akasema. "Hospitali inataka sahihi, shule inataka sahihi. Ulitaka nani atie?"

Hapo alikuwa na haki, na sitamnyang'anya. Mwezi wa nne nilihitaji mtu wa kunisimamia na yeye alisimama. Nikamuuliza, "Na Ndanu?"

"Na Ndanu pia. Iko ingine ya korti ya watoto."

Nilikaa chini, pale pale kwenye saruji. Nilikuwa nimevumilia sindano ya uti wa mgongo bila kulia, na siku hiyo nililia mbele ya wauza karanga hadi mmoja akanipa kiti chake.

Wiki iliyofuata, siku ya shule, kaka akiwa kwenye kikao cha mashemasi, Halima alikuja Donholm akanichukua. Mama Kelvin alituona tukitoka. Alikuwa anaanika nguo. Hakutuzuia, hakusema kitu, na mimi nikauhesabu huo ukimya kuwa dharau. Tukapitia shuleni kumchukua Ndanu, na mwalimu mkuu akanieleza kwa adabu kwamba jina langu halimo katika faili ya mtoto. Mlezi ni mjomba. Anaweza kuniruhusu dakika tano, basi.

Ndanu akaja mbio, akasimama ghafla, akaniangalia.

"Uncle alisema wewe sasa uko chini yake kama mimi," akasema. "Kwani mimi na wewe sasa ni masista?"

Nikamwambia mimi ni mama yake na nitarudi kumchukua. Akauliza lini. Kengele ikalia, nikamwacha, nikarudi Shauri Moyo bila yeye, na tangu siku hiyo sikuwa na lingine nililolitaka duniani isipokuwa kumrudisha huyo mtoto.

Wakili nilimpata kwenye meza ya msaada wa kisheria, msichana mwenye mafua aliyekuwa akipenga kamasi katikati ya kila sentensi. Nilimdharau kwa dakika kumi. Kisha akaanza kueleza, na hayo ndiyo ninayotaka uyashike wewe unayesoma. Amri ya kumweka mtu mzima chini ya mlezi si ya maisha. Hutolewa kwa hali ya mgonjwa ya wakati ule, na hali ikibadilika, mgonjwa mwenyewe ana haki ya kurudi mahakamani na ripoti mpya ya daktari aombe iondolewe. Mlezi hapewi mtu amfanye atakavyo, hupewa kazi, na mahakama inaweza kumuuliza ameifanyaje. Ulezi wa mtoto ni jambo jingine na una faili yake, na huko mama aliye hai na mzima hasukumwi kando kwa kuwa tu aliwahi kulazwa. Mahakama hutazama lililo jema kwa mtoto, na afisa wa watoto huja nyumbani kuona kwa macho yake.

"Mbona hakuna mtu aliniambia?" nikamuuliza.

Akapenga kamasi. "Wa kukuambia alikuwa mlezi wako."

Alipopata nakala za faili tulizisoma pamoja. Barua ya daktari ilikuwa ya kweli, hata nilijionea huruma kuisoma. Barua ya chifu ilikuwepo. Kisha ikafuata karatasi ya mistari yenye kichwa kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: sisi jamaa na ndugu tuliotia sahihi hapa chini tumekubaliana kwamba Mutisya awe mlezi wa Mwikali na wa mtoto wake. Chini yake, majina na namba za vitambulisho, kwa kalamu nyeusi. Nilianza kusoma majina. Jirani wa upande wa kulia. Mchungaji. Fundi wa bomba, aliyekuwa amekuja kutengeneza mfereji siku hiyo akapewa chai. Na Halima, ambaye hana undugu na mimi hata wa kusingiziwa.

Nilimpigia Halima. "Mimi nilileta chupa ya chai tu," akasema. "Nikaambiwa mama andika jina. Juu hapakuwa na neno, wallahi."

Wakili alisema ushahidi wa Halima ni mzuri lakini hautoshi, upande wa pili utasema amesahau. Anayejua karatasi ile ilikuwa ya nini ni katibu. Nikamwambia katibu ni mke wake, na mimi kumwomba yule mwanamke chochote ni afadhali nirudi kuchotwa maji ya mgongo. Sikumpigia simu. Nakiri ulikuwa ujinga, na uliniweka mbali na mtoto wangu wiki nyingi zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa tisa nikapimwa upya akili. Usiku uliotangulia sikulala, nikijihesabia namba kinyumenyume. Daktari aliniambia nikumbuke maneno matatu, nichore saa, nimtajie rais. Nikamtaja na nikaongeza maoni yangu. Daktari akacheka, akaandika. Uso ulikuwa umeanza kupungua, jicho limerudi karibu na mahali pake, na ripoti ilisema naweza kujiamulia mambo yangu yote. Niliitoa nakala nne. Moja nililala nayo chini ya mto.

Kesi ilisikilizwa mvua ya vuli ikinyesha. Siku hizi nyingi husikilizwa kwa simu, lakini jaji alitaka kuniona, kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la mahakama na soksi zilizolowa, nikiwa na njaa inayoletwa na vidonge. Kaka alikaa upande wa pili na suti ya ushemasi. Mama Kelvin alikuwa pembeni yake, mkoba mapajani, macho chini. Nilimwomba Mungu anipe nguvu nisimtukane.

Mutisya alieleza vizuri, hilo ni lazima niseme. Alieleza jinsi nilivyokuwa, jinsi alivyonilisha, jinsi familia nzima ilivyokaa ikakubaliana. Jaji akauliza kuhusu ile karatasi. Akasema, ndiyo, ilitiwa sahihi mkutanoni.

Ndipo Mama Kelvin akasimama bila kuitwa. Karani wa mahakama akamwashiria akae, hakukaa. "Mheshimiwa, mimi ndiye nilikuwa katibu," akasema, akatoa kwenye mkoba daftari gumu la kumbukumbu za mikutano.

Jaji alimwacha ale kiapo. Akasoma ajenda za Jumapili ya ile karatasi kwa sauti yake ile ile ya kanisani: maombi, zamu za kulala hospitali, nani atamsuka Ndanu nywele, mengineyo. Ulezi haukutajwa. Kisha akaambiwa aitazame karatasi.

"Majina ni ya mahudhurio," akasema. "Hicho kichwa si mwandiko wangu. Ni wa mzee wangu."

Mutisya alikuwa anaangalia viatu vyake. Jaji akamuuliza Mama Kelvin kwa nini alikaa kimya miezi yote hiyo. Alifunga daftari kwanza.

"Kwa sababu mtoto alikuwa anakaa kwangu," akasema. "Na nilikuwa nampenda."

Jaji aliniuliza maswali yake, nikajibu, na amri ikafutwa siku hiyo hiyo. Ya Ndanu ilichukua wiki tatu zaidi. Afisa wa watoto alikuja Shauri Moyo, akakagua kitanda na jiko, akaongea na Ndanu peke yao, na mahakama ya watoto ikamrudisha kwangu kabla ya Krismasi. Kaka ndiye aliyemleta, na sanduku lake. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mimi nilikusaidia."

"Ulinisaidia mpaka mwezi wa tano," nikamwambia.

Hatujaongea tena. Cherehani niliifuata kanisani mwenyewe, katikati ya darasa, na vijana wakanisaidia kuibeba. Watu huniambia nimsamehe, kwamba alichanganyikiwa na hofu, kwamba alizoea kuwa mwenye kutia sahihi hadi akashindwa kuacha. Huenda. Sijamsamehe, na mchungaji amechoka kuniuliza.

Limebaki jambo moja, na nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wakili aliniambia kwamba mzazi anaweza kuandika katika wosia, akiwa mzima, nani awe mlezi wa mtoto wake yeye asipokuwepo. Akasema niandike sasa, nisingoje kuugua tena ili wengine waniandikie. Nikamaliza vidonge vya mwisho, nikakaa mezani na karatasi, nikagundua sina jina. Halima ana watoto watano na sukari. Ndugu mwingine sina. Nikakaa na hiyo karatasi siku nne, kisha nikamuuliza Ndanu, ambaye sasa ana miaka kumi, nikitumaini atamtaja mtu yeyote mwingine.

"Mama Kelvin," akasema.

Hasira zilinipanda. Nikamuuliza kama amesahau kilichotokea.

"Sijasahau. Alijua akisema ukweli wewe utanichukua," akasema, "na bado akasema."

Nilienda nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliporudi nilichukua simu nikampigia, kwa sababu mimi sikuulizwa na sitaki mtu mwingine awekwe kwenye karatasi bila kuulizwa. Hatukuwa tumeongea tangu mahakamani. Nikamweleza ninachotaka kuandika, kwa maneno machache na bila salamu nyingi.

"Na mzee?" akauliza.

"Mzee hapana."

"Sawa. Niandike peke yangu." Nikamsikia akivuta pumzi. "Dawa umemaliza, wifi?"

"Nimemaliza."

"Basi kaa hai," akasema. "Hiyo kazi siitaki."

Alikuwa anadanganya, na nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikamwambia asante, na hiyo ilikuwa ya kwanza kumwambia tangu nianze kuugua.